Adrian Atiman, Daktari wa Karema



Wengi wetu tumezaliwa, au tumemuuguza mtu wetu, katika Hospitali ya Dk. Atiman pale Sumbawanga. Mnaoishi Dar es Salaam huenda mmewahi kupita Atiman House, nyumba ya Wamisionari wa Afrika. Jina hilo tunalitamka bila kufikiri: mama kalazwa Atiman, shangazi kahamishiwa Atiman. Lakini muulize kijana wa leo huyo Atiman alikuwa nani. Atakwambia ni Mzungu wa zamani, labda askofu. Nimewahi hata kuambiwa ni Mhindi. Na mimi nisijifanye mjuaji, kwani nilikuwa mtu mzima mwenye watoto shuleni nilipojua kwamba alikuwa Mwafrika mweusi kama sisi, kwamba alifika kwetu kwa miguu, na kwamba aliishi Karema miaka 67 akitibu watu na kufundisha dini hadi kifo kilipomkuta hapo hapo.

Kwa kawaida kurasa hizi za kijitabu cha harambee huwa ni za wasifu wa mgeni rasmi. Mwaka huu, kwa kuwa mchango wetu unaelekezwa kwenye zahanati, kamati imekubali apewe yeye. Mimi si Mkatoliki, nililelewa Kanisa la Moravian, na najua miongoni mwa wasomaji wetu wapo Waislamu wengi na walokole pia. Habari za mtu huyu ni zetu sote. Mgonjwa aliyefika mlangoni kwake alikuwa mgonjwa kwanza, mengine baadaye.

Alizaliwa yapata mwaka 1866 katika kijiji kilicho kando ya mto Niger, upande wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo inaitwa Mali. Alikuwa bado mtoto wa kucheza na wenzake pale wawindaji wa watumwa walipomnyakua. Hakuwaona tena wazazi wake. Aliuzwa, akauzwa tena, kisha akavushwa jangwa la Sahara.

Sisi wa huku tunaijua biashara ya utumwa kwa njia yake ya kwetu: misafara iliyotoka Manyema, ikavuka ziwa, ikapita Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, watu wamebeba pembe za ndovu na shingo zimefungwa kwenye magogo. Ile ya kaskazini ilikuwa njia nyingine. Huko hakuna miombo wala mto. Ni mchanga, ngamia, na visima vilivyoachana kwa siku nyingi za safari. Aliyeanguka aliachwa. Mtoto aliyefika upande wa pili wa jangwa akiwa hai alikuwa amepona kile ambacho watu wazima wengi hawakukipona.

Alifikishwa kusini mwa Algeria. Nchi ile ilikuwa tayari chini ya Wafaransa, na utumwa ulikuwa umepigwa marufuku katika sheria, lakini jangwani biashara iliendelea kwa kificho. Huko ndiko walikokuwa mapadre wa shirika jipya lililoanzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers. Wenyewe wanajiita Wamisionari wa Afrika, ila watu wamezoea kuwaita Mapadre Weupe. Watu hudhani jina hilo linatokana na rangi ya ngozi, kumbe ni kanzu. Lavigerie aliwavika mapadre wake kanzu nyeupe kama zile walizovaa watu wa Algeria, ili wasionekane wageni.

Mapadre hao walimnunua Atiman.

Nimeandika walimnunua kwa makusudi. Wao walisema kukomboa, na kweli nia ilikuwa kumtoa utumwani. Lakini fedha ilitoka mfuko huu ikaingia mfuko ule, na mfanyabiashara aliondoka na faida yake. Hata enzi hizo walikuwapo waliosema kwamba kukomboa watoto kwa fedha ni kumpa mwindaji sababu ya kurudi kuwinda. Sidhani wamisionari walikosea kumtoa yule mtoto mikononi mwa wale watu, maana mbadala wake ulikuwa nini? Ila tukitaka kumwelewa Atiman tusiiruke hatua hii haraka. Mpaka hapo hakuna aliyewahi kumuuliza anataka nini. Wezi hawakumuuliza, wanunuzi hawakumuuliza, na waliomkomboa nao walimpeleka walikoona panafaa.

Alipelekwa kaskazini, karibu na Algiers, akasoma katika shule ya watoto waliokombolewa. Alifundishwa dini, akabatizwa, akapewa jina la Adrian. Ndipo Lavigerie alipokuja na mpango wake wa pekee.

Wamisionari Wazungu walioingia bara walikuwa wanakufa. Malaria iliwamaliza wengine hata kabla hawajajifunza lugha. Lavigerie aliamini kwamba Afrika itainjilishwa na Waafrika wenyewe, na aliona kwamba mtu anayepokelewa katika kila nyumba, ya mtemi au ya maskini, ni mganga. Kwa hiyo akaamua kuwasomesha udaktari baadhi ya vijana waliokombolewa. Wasingekuwa mapadre. Wangeoa, wangejenga nyumba, wangekaa kijijini kama watu wengine, wakitibu mchana na kufundisha dini jioni. Aliwaita madaktari-makatekista. Alisisitiza jambo moja ambalo kwa mtu wa karne ile lilikuwa geni: vijana hao wasigeuzwe Wazungu. Chakula chao, malazi yao na mavazi yao yabaki ya Kiafrika, wasije wakarudi bara wakiwa hawawezi kulala kwenye mkeka.

Mwaka 1881 akafungua chuo chao katika kisiwa cha Malta. Malta ilikuwa Katoliki, ilikuwa na chuo kikuu cha siku nyingi, na lugha yake ina undugu na Kiarabu ambacho vijana wale walikuwa wamekizoea Algeria. Huko ndiko Atiman alikojifunza mwili wa binadamu, dawa, na upasuaji. Fikiria kijana wa mto Niger, asiye na ukoo, anakaa katika ukumbi wa chuo kikuu Ulaya miaka ya 1880, wakati ambapo wakuu wa Ulaya walikuwa wameketi Berlin wanaligawa bara lake kwa rula. Mwaka 1888 akahitimu. Mwaka huo huo Lavigerie, ambaye sasa alikuwa Kardinali, alizunguka Paris, London na Brussels akihubiri dhidi ya utumwa wa Afrika, na watu walijaa kumsikiliza. Atiman hakuwa jukwaani. Alikuwa njiani kuja kwetu.

Alifika Zanzibar mwaka 1888 katika msafara wa Askofu Léonce Bridoux. Kutoka pwani walitembea. Ilikuwa mwaka mbaya wa kusafiri, maana muda mfupi baadaye pwani nzima ililipuka kwa vita vya Abushiri dhidi ya kampuni ya Wajerumani, na njia nyuma yao ikawa ngumu kupitika. Walipita Unyanyembe, wakakata misitu ileile ambayo leo treni ya kutoka Kaliua kuja Mpanda inapita, wakashuka bonde la ziwa. Mwanzoni mwa mwaka 1889 waliingia Karema. Askofu Bridoux hakumaliza miaka miwili, akafariki mwaka 1890. Atiman, kijana wa miaka 23 au karibu na hapo, alibaki.

Karema aliyoikuta haikuwa kijiji kilichotulia. Ngome ilikuwa imejengwa tangu 1879 na Mbelgiji, Kapteni Cambier, kwa ajili ya jumuiya ya Mfalme Leopold. Wabelgiji walipoelekeza nguvu zao Kongo, mwaka 1885 waliikabidhi kwa mapadre. Ziwa nalo lilikuwa linarudi nyuma, kwa sababu mto Lukuga ulikuwa umefunguka upande wa pili na maji yakashuka mwaka baada ya mwaka, hata ngome iliyojengwa karibu na maji ikajikuta mbali na ufuko. Ng'ambo ya ziwa, Kapteni Joubert, askari wa zamani wa Papa, alikuwa anapambana na wafanyabiashara wa utumwa kwa bunduki. Na katika ngome ya Karema walikuwapo watoto. Mapadre walikuwa wanawakomboa kutoka kwenye misafara, kama walivyomkomboa yeye, na watu wazima waliokimbia mabwana zao walikuja kujenga kuzunguka ngome ili kupata ulinzi.

Hapa ndipo ninapopenda kukaa kidogo. Vidonda vya shingoni vinavyoachwa na gogo, miguu iliyochubuka kwa kutembezwa miezi, matumbo ya njaa, macho ya mtoto asiyejua mama yake yuko wapi: daktari wa Kizungu angevitibu kwa huruma, na wapo waliofanya hivyo. Atiman alivitibu akiwa mtu aliyevipitia. Hakuhitaji mkalimani wa jambo hilo. Na yule mtoto aliyeletwa kwake, baada ya kuona kwamba watu wenye silaha wanamgawana, alimwona mtu mzima mweusi aliyewahi kuuzwa, sasa amesimama wima, ana kazi mikononi, anaoga, anacheka, anasali, anakula na watu. Katekisimu ilikuja baadaye. Somo la kwanza lilikuwa yeye mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa ya kila namna. Simba na mamba wa kando ya ziwa walimpa majeruhi. Mikuki na bunduki za vita vidogo vya wakati ule zilimpa wengine. Ndui ilikuja na kuondoka. Miaka ya 1890 funza waliingia kutoka magharibi, na watu ambao hawakuwa wamewahi kuwaona waliacha miguu ioze hata vidole vikakatika. Alipasua, aliunga mifupa, alizalisha, alitoa dawa. Pamoja na dawa zilizotoka Ulaya, alijifunza na mitishamba ya hapa. Nadhani kwa mtu aliyesoma chuo kikuu hilo lilihitaji unyenyekevu wa aina yake, kukaa chini na mzee wa Kibende au wa Kiholoholo umuulize mzizi huu unatibu nini. Makasha ya dawa yalichukua miezi kufika, na mzizi ulikuwa porini hapo hapo.

Kisha ikaja malale. Ilisambaa kuzunguka Ziwa Tanganyika mwanzoni mwa karne ya 20, na ilikuwa adui wa pwani yetu kuliko vita yoyote. Wajerumani waliweka kambi za wagonjwa kando ya ziwa na kuhamisha watu kutoka ufukweni. Dawa waliyokuwa nayo iliweza kumpofusha mgonjwa. Waingereza walipokuja nao walihamisha vijiji na kukusanya watu, na sisi tunaotoka Uruwira na Inyonga tunajua jinsi makazi ya babu zetu yalivyopangwa upya kwa sababu ya mbung'o. Katika miaka yote hiyo serikali zilitoa amri na kuhamisha watu, na Karema mtu mmoja aliendelea kuwapokea wagonjwa, aliyejua lugha yao, majina yao na nani ni mtoto wa nani.

Alikuwa pia katekista. Tusimpunguze kwa kusema alikuwa daktari mzuri aliyekuwa pia anasali. Kwake kazi zilikuwa mbili na ilikuwa moja. Alifundisha wakatekumeni, alikaa na wanaokufa, alibatiza waliokuwa hatarini. Leo tunao wahubiri wengi wenye vipaza sauti, na mimi sina ugomvi nao, lakini najiuliza ni wangapi wanaoweza kukaa mahali pamoja muda wa kutosha mpaka majirani wawafahamu kwa matendo ya kila siku: jinsi wanavyolipa deni, wanavyosema na wake zao, wanavyoamka usiku mtu akibisha hodi. Daktari wa kijijini hawezi kujificha. Anabishiwa hodi usiku wa mvua. Mgonjwa wake anakufa na kesho yake anakutana na mjane kisimani. Mahubiri ya Atiman yalikuwa na mashahidi kila nyumba.

Alioa Karema. Mkewe alikuwa Agnes Wansabira. Kwa ndoa hiyo mtu aliyenyang'anywa ukoo wake kule Niger akapata wakwe, akapata mashemeji, akawa mtu wa hapa kwa namna ambayo padre, hata awe mwema vipi, hawezi kuwa. Lavigerie alikuwa ameliona jambo hilo mapema. Nyumba ya Adrian na Agnes ilikuwa shule ya ndoa ya Kikristo kwa watu waliokuwa hawajawahi kuiona, na tusisahau kwamba shule hiyo ilikuwa na walimu wawili. Masimulizi ya zamani humtaja bwana kwa kurasa na bibi kwa mistari. Daktari aliyeamka usiku alifunguliwa mlango na mtu, na maji ya moto yalichemshwa na mtu.

Walipata mtoto wa kiume, Joseph. Mwaka 1923 Joseph Atiman alipewa daraja la upadre.

Ndugu zangu, kwa desturi zetu hilo si jambo jepesi. Baba huyu hakuwa na kaka, hakuwa na mjomba, hakuwa na kaburi la babu pa kwenda kutambika. Jina lake lilikuwa limesimama juu ya nyumba moja tu duniani. Mtu wa namna hiyo ndiye hasa anayetaka mwana aoe, azae, ajaze kiambo. Akamtoa mwanawe kwa useja. Wazee wa Karema wa wakati ule, Wakristo na wasio Wakristo, bila shaka walielewa uzito wake kuliko tunavyoelewa sisi. Mapadre Waafrika wa kwanza katika nchi yetu walikuwa wamepadrishwa Bukoba mwaka 1917 tu, miaka sita kabla. Kijana mweusi altareni lilikuwa bado jambo la kushangaza. Na huyu alikuwa mtoto wa mtu aliyewahi kuuzwa.

Sasa nirudi kwenye lile swali la kuulizwa. Nilisema kwamba hadi Malta hakuna aliyemuuliza Atiman anataka nini. Je, imani yake ilikuwa yake, au ilikuwa ya waliomnunua? Ni swali la haki, na vijana wetu wa vyuo vikuu huliuliza kwa sauti. Jibu langu naliona katika miaka 67. Mpango wa Lavigerie haukudumu. Kardinali alifariki mwaka 1892, na chuo cha Malta nacho kikafungwa baada ya muda si mrefu. Kati ya madaktari-makatekista wenzake, waliopelekwa sehemu mbalimbali za maziwa makuu, si wote waliodumu. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Serikali, ya Kijerumani na baadaye ya Kiingereza, ilikuwa na njaa ya watu wenye ujuzi wa tiba. Mtu mwenye elimu yake hakufungwa na mnyororo wowote. Mlango ulikuwa wazi kwa zaidi ya nusu karne na hakuupita. Kubaki kwake kulikuwa ndiyo jambo la kwanza kubwa alilochagua mwenyewe, na alilichagua kila asubuhi.

Wala tusidhani kubaki kulikuwa kwa heshima na raha. Katika utaratibu wa enzi ile Mwafrika, hata aliyesoma Malta, alikuwa chini ya kila Mzungu aliyeshuka mtumbwini jana. Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza vikariati kutoka Karema tangu 1891 hadi kifo chake mwaka 1917, alijenga mengi, na chini yake lilizaliwa hapo Karema shirika la masista wenyeji wa Maria Malkia wa Afrika, ambao leo tunawakuta hospitalini na mashuleni mwetu kote. Bendera zilibadilika. Atiman alifika Wajerumani wakiwa hawajashika ziwa. Akawaona wakija. Mwaka 1916 akawaona Wabelgiji wakiingia kutoka ng'ambo, kisha Waingereza wakapokea. Wagonjwa walikuwa walewale, na baadaye wajukuu wao.

Alipokuwa mzee aliandika habari za maisha yake, na mwaka 1946 zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, ambalo kwa kawaida lilikuwa jukwaa la mabwana shauri na wataalamu wa Kizungu. Baadaye Padre Roger Fouquer akaandika kitabu kizima juu yake kwa Kifaransa. Ni ajabu kwamba mtu anaweza kusoma maisha ya Atiman kwa Kiingereza au Kifaransa kwa urahisi kuliko kwa lugha aliyotumia kuwauliza babu zetu wanaumwa wapi. Wenye vipaji vya kuandika miongoni mwetu, hiyo ni kazi inayosubiri mtu.

Heshima zilimfikia uzeeni. Papa alimpa nishani, na serikali ya kikoloni nayo ikamtambua. Nadhani alizipokea kwa adabu, ila tayari alikuwa na cheo kingine ambacho hakuna ofisi iliyokitoa: alikuwa mzee wa Karema. Mwaka 1953 Karema ilikuwa jimbo kamili la Kanisa Katoliki. Mpanda nayo, ambayo wakati Atiman anafika ilikuwa pori, ilikuwa tayari na mgodi wa risasi na reli yake, na vijana wa ziwani walianza kupanda kwenda kutafuta vibarua.

Alifariki mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 90 hivi, miaka mitano kabla ya Uhuru. Alizikwa Karema.

Waliobaki nyuma yake ni vigumu kuwahesabu, na mimi sitajaribu. Makao ya jimbo yalihamia Sumbawanga, jina likabadilika mwaka 1969. Mwaka 2000 Mpanda nayo ikapata jimbo lake, na mwaka 2012 mkoa wetu wa Katavi ukazaliwa. Karema ikabaki pembeni, kijiji cha wavuvi na wakulima katika Wilaya ya Tanganyika, chenye majengo ya zamani kuliko karibu yote mkoani. Sasa bandari mpya imejengwa pale, na malori ya Kongo yanaulizia njia.

Safari yangu ya kwanza Karema ilikuwa ya kikazi, enzi ambazo kutoka Mpanda ulihitaji siku nzima, na masika ulihitaji imani. Tulikuwa watano kwenye Land Rover. Mwenzetu mmoja alikuwa na homa tangu Kabungu, na tulipofika alikuwa anatetemeka. Jambo la kwanza tulilouliza, kabla ya maji ya kunywa, kabla ya kumtafuta mwenyekiti wa kijiji, lilikuwa ni wapi pana dawa. Tulielekezwa misheni. Mtoto aliyetuongoza alinionyesha ngome, kanisa, na mahali alipokuwa akikaa daktari wa zamani, kama anavyoonyesha nyumba ya babu yake. Nilimuuliza daktari huyo alitoka wapi. Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali, akasema wa hapa.